Kabla ya Kumvisha Mshiriki Kofia ya Elektrodi

Mpe mtumiaji wa kompyuta dodoso, umuulize kama huwa anayazingatia maonyo ya usalama ya kivinjari, na huenda akajaza "nakubali kabisa". Hasemi uongo, anaeleza anavyojiona. Lakini kinachotokea onyo linapomrukia katikati ya kazi ni jambo jingine, na sehemu kubwa yake huisha ndani ya nusu sekunde, kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kujiuliza anafanya nini.

Pengo hilo limewahi kupimwa. Mwaka 2014 Anthony Vance na wenzake walichapisha utafiti ambamo washiriki walijaza dodoso kuhusu hatari za usalama, wakacheza mchezo wa kamari ya karata unaotumika sana maabara huku umeme wa ubongo wao ukirekodiwa kwa EEG, kisha wakafanya kazi ya kompyuta iliyokatizwa na maonyo. Majibu ya dodoso hayakutabiri nani angeyapuuza maonyo. Yalianza kutabiri pale tu washiriki walipoonyeshwa tukio la kuigiza la kompyuta kudukuliwa, yaani hatari ikiwa bado mbichi kichwani. Wimbi la ubongo liitwalo P300, lililopimwa wakati wa mchezo, lilitabiri kabla na baada ya tukio hilo.

Hiyo ndiyo sababu halali ya kuleta zana za sayansi ya ubongo kwenye utafiti wa mifumo ya taarifa: unachokitafuta mtu hawezi kukieleza, au hataki kukieleza, au kinapita upesi mno. Kama dodoso au kumbukumbu za kubofya zinatosha, tumia hizo, maana ni nafuu na zinakuletea watu mia tano badala ya thelathini. Picha ya ubongo yenye rangi nyekundu na njano kupendeza kwenye makala si sababu.

Uwanja wenyewe, uitwao NeuroIS, ulipata jina lake mwaka 2007, katika mkutano wa kimataifa wa mifumo ya taarifa uliofanyika Montreal, kwa andiko la Angelika Dimoka, Paul Pavlou na Fred Davis. Davis ni yuleyule wa modeli ya mwaka 1989 ya watu kuikubali teknolojia, iliyowafundisha wanafunzi wa vizazi viwili kupima "manufaa" na "urahisi wa kutumia" kwa kipimo cha ngazi saba. Tangu 2009 watafiti wa eneo hili wana mkutano wao wa kila mwaka Austria, ulioanzia mji mdogo wa Gmunden.

Tukio lako lina kasi gani?

Watu huanza kwa kuuliza maabara ina mashine gani. Swali la kwanza liwe: jambo ninalolitafuta huchukua muda gani kutokea na kutoweka? Likichukua milisekunde, kama jicho kuligundua onyo, zana ni EEG, kwa kuwa inasoma umeme wenyewe bila kuchelewa. Likichukua sekunde kadhaa, kama mzigo wa akili wakati wa kujaza fomu ndefu, unaweza kutumia upana wa mboni, jasho la ngozi, au fNIRS, ambayo hupima oksijeni ya damu kwenye gamba la mbele la ubongo kwa mwanga. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya ndani ya ubongo inayohusika, hapo ni MRI tendaji, skana inayofuatilia damu ndani ya ubongo, ila ukubali kwamba damu hufika kileleni sekunde 5 hadi 6 baada ya neva kufanya kazi, na kwamba mshiriki wako amelala chali ndani ya bomba lenye kelele, anaitazama skrini kwa kioo na kujibu kwa vitufe viwili au vinne. Hana kipanya wala kibodi ya kawaida. Mfumo wa mauzo wenye menyu arobaini hauingii humo. Unaingiza picha zake moja moja.

Ukitaka msongo wa mawazo wa muda mrefu zaidi, kuna homoni ya kotisoli kwenye mate. René Riedl na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kompyuta kukwama katikati ya kazi huipandisha. Kilele chake kwenye mate huja dakika 20 hadi 30 baada ya kisa, hivyo sampuli iliyochukuliwa papo hapo haionyeshi kitu. Pima alasiri, kwani asubuhi homoni hiyo iko juu kwa kawaida yake na hushuka haraka, na mshiriki asiwe ametoka kula, kuvuta sigara au kufanya mazoezi.

Tatizo la marudio

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huzivunja tafiti nyingi za aina hii kabla data haijakusanywa.

Ishara ya EEG inayoletwa na tukio moja ni ndogo, mikrovolti 5 hadi 10 kwa P300 nzuri, nayo imezama ndani ya mawimbi mengine ya ubongo na misuli. Tuseme kelele hiyo ni mikrovolti 20. Ukikusanya marudio na kuchukua wastani, kelele hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio: marudio 36 huibakisha mikrovolti 3.3, marudio 100 huibakisha 2. Ndiyo maana wanasaikolojia humwonyesha mtu herufi zilezile mara mia mbili bila kujali kama anachoka.

Matukio ya mifumo ya taarifa hayavumilii hivyo. Onyo la usalama likionekana mara ya arobaini si onyo tena. Imani kwa duka la mtandaoni usilowahi kuliona ni jambo la mara ya kwanza. Mara ya pili tayari umeshaliona. Kukatishwa tamaa na mfumo uliokwama hakurudiki mara 36 mezani bila mshiriki kugundua kwamba unamchezea.

Njia za kutoka zipo tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kurudia aina badala ya kitu chenyewe: tengeneza maduka 80 tofauti ya kubuni, nusu yana dalili ya kuaminika na nusu hayana, kila moja lionekane mara moja. Kazi ya kuyatengeneza ni kubwa, kwa sababu yote yanapaswa kufanana kwa mwangaza, wingi wa maandishi na mahali pa picha. Ya pili ni kupima tabia ya mtu kwa kazi ya kawaida ya maabara, halafu kuitumia kutabiri mwenendo wake kwenye mfumo halisi, kama walivyofanya wale wa mchezo wa karata. Ya tatu ndiyo ninayoiona ya busara zaidi: kuyafanya marudio yenyewe kuwa swali. Bonnie Anderson, Brock Kirwan na wenzao walimwonyesha mtu onyo lilelile tena na tena ndani ya MRI, wakaona mwitikio wa sehemu za kuona ukiporomoka tangu mara ya pili, na ukiporomoka polepole zaidi pale onyo lilipobadilishwa sura kila linapotokea. Hapo udhaifu wa zana umegeuka kuwa kipimo.

Jaribio la EEG, kuanzia alama hadi wastani

Tuseme umechagua njia ya kwanza na una kofia ya elektrodi 32.

Kitu cha kwanza cha kujenga ni alama ya tukio, yaani msukumo mfupi unaoingia kwenye rekodi kusema "hapa ndipo picha ilipoonekana". Programu hutuma alama pale inapoiagiza skrini ichore, na skrini huchora baadaye. Skrini ya hezi 60 hubadilika kila milisekunde 16.7, na nyingi huongeza ucheleweshaji wao wa ndani. Ucheleweshaji ulio sawa kila mara hauna madhara, unautoa tu mwishoni. Unaobadilikabadilika ndio sumu: alama zikiyumba kwa milisekunde 50 huku na huku, kilele cha wimbi hutandazwa kwenye wastani, nawe utahitimisha kwamba kundi moja lina P300 ndogo kumbe lina alama mbovu. Ukurasa unaofunguliwa ndani ya kivinjari ni mbaya zaidi, kwani picha na fonti hupakiwa kwa zamu. Kwa hiyo usionyeshe ukurasa hai. Piga picha ya ukurasa, uionyeshe kwa programu ya majaribio kama PsychoPy.

Kisha hakikisha kwa macho ya kifaa. Weka mraba mdogo kwenye kona ya skrini, ugeuke kutoka mweusi kuwa mweupe picha inapotokea, na ubandike fotodayodi, yaani kihisi cha mwanga, juu yake, iliyounganishwa na amplifaya, kifaa kinachokuza na kurekodi ishara za elektrodi. Endesha marudio 200 bila mshiriki na ulinganishe alama za programu na za fotodayodi. Tofauti zote zikiwa ndani ya milisekunde chache, endelea. Zikitawanyika, zima programu nyingine zote na sasisho za mfumo, kisha angalia kama usawazishaji wa fremu umewashwa. Kofia zisizo na waya zinazotumia Bluetooth zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu pakiti za data hufika kwa mafungu. Rekodi kwa mfumo unaolinganisha saa, kama Lab Streaming Layer, usitegemee muda wa data kufika.

Siku ya kupima, mshiriki aje na nywele safi, kavu, zisizo na mafuta. Pima kichwa kutoka bonde la juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, na kutoka sikio hadi sikio. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo panapokaa elektrodi ya Cz, ya utosini; Pz iko nyuma yake. Kofia ikisogea sentimita mbili, unachokiita Pz si Pz tena. Jaza jeli kwa sindano butu, ukitenganisha nywele kwa ncha yake, hadi ukinzani ushuke chini ya kiloomu 5 kwa elektrodi za kawaida. Zile zenye amplifaya ndani yake huvumilia hadi 25. Usiongeze jeli ovyo: ikimwagika na kuunganisha elektrodi mbili jirani, zinakuwa moja, na kwenye rekodi zitaonekana tulivu na nzuri kupita kiasi.

Nywele nene, za kipilipili au zilizosukwa zinaiinua kofia isiguse ngozi. Maabara nyingi huwaacha washiriki hao kimyakimya, halafu huandika kwamba sampuli ilikuwa "wanafunzi wa chuo". Hilo ni kosa la kisayansi pamoja na la kiutu. Mweleze mshiriki mapema. Mistari ya twende kilioni iliyosukwa ili njia zipite kwenye nafasi za elektrodi huacha ngozi wazi na hutoa mguso mzuri. Kwa fNIRS shida ni hiyohiyo na zaidi, kwa kuwa nywele na ngozi nyeusi hunyonya mwanga. Angalia nguvu ya mwanga unaorudi kabla ya kuanza, na ubaki kwenye paji la uso.

Rekodi kwa sampuli 500 kwa sekunde au zaidi. Mshiriki akikaza taya au akikunja shingo, misuli itaandika juu ya ubongo, basi mpe kiti chenye kuegemea na mapumziko kila dakika tano hadi saba. Kope kupepesa huleta wimbi la mikrovolti 100 au zaidi, kubwa mara kumi ya unachokitafuta. Usimwambie asipepese kabisa, maana kujizuia ni kazi ya akili nayo itaonekana. Mpe sekunde moja tupu baada ya kila jibu apepese hapo.

Usafishaji una mpangilio unaoeleweka, uwe unatumia programu ya EEGLAB au MNE-Python. Chuja kati ya hezi 0.1 na 30. Tengeneza nakala iliyochujwa kuanzia hezi 1, uitumie kwa uchanganuzi wa vijenzi huru, yaani hesabu inayotenganisha ishara zilizochanganyika, kwa sababu mawimbi ya polepole huuvuruga. Kisha rudisha matokeo yake kwenye data ya kwanza na uondoe vijenzi vya macho. Kata vipande kuanzia milisekunde 200 kabla ya picha hadi 800 baada yake, toa wastani wa zile 200 za mwanzo kama msingi, na utupe vipande vinavyovuka mikrovolti 100 juu au chini. Aliyepoteza zaidi ya theluthi moja ya vipande, aondolewe kwa kanuni uliyoiandika kabla ya kuiona data. Usichuje kuanzia hezi 1 kwa wimbi lenyewe la P300, hata kama grafu inakuwa safi zaidi: kichujio hicho hulipunguza wimbi na kuchonga bonde bandia mbele yake.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mtu akiachwa asome ukurasa kwa uhuru, utaratibu huu wote huanguka. Macho hutua kwa milisekunde 200 hadi 300 kisha huruka, na P300 ya mtuo mmoja inafunikwa na mwitikio wa kuona wa mtuo unaofuata. Unaweza kuunganisha EEG na kifaa cha kufuatilia macho na kutenganisha mawimbi yaliyolaliana kwa modeli za rigresheni, lakini hiyo si kazi ya utafiti wa kwanza.

Mboni na ngozi

Kifaa cha kufuatilia macho kinaonekana rahisi, na kwa swali la "alitazama wapi" ni rahisi kweli: kaa sentimita 60 hadi 65, sawazisha kwa nukta tisa, kataa usawazishaji wenye kosa zaidi ya digrii moja. Digrii moja kwa umbali huo ni kama sentimita moja ya skrini, basi vitufe viwili vilivyobanana havitofautishiki.

Upana wa mboni ndio mtego. Juhudi ya akili huitanua kwa chini ya nusu milimita; mwanga huibadilisha kwa milimita kadhaa. Ukilinganisha muundo wenye mandhari nyeupe na wenye mandhari nyeusi, ukasema mweusi unachosha akili kwa kuwa mboni zilipanuka, umepima taa. Linganisha mwangaza wa picha zote, anza kila rudio kwa picha iliyovurugwa yenye mwangaza uleule, na uweke kitu cha kutazama mahali pamoja, kwa sababu mboni huonekana nyembamba kwa kamera jicho linapogeukia pembeni.

Jasho la ngozi huchelewa sekunde 1 hadi 3, kwa hiyo tenganisha matukio kwa sekunde kumi hivi. Mshiriki anawe mikono kwa maji bila sabuni, akauke, elektrodi zikae dakika tano au zaidi jeli iingie. Mikono yote miwili ikihitajika kwenye kibodi, hamia kwenye unyayo. Na kumbuka kipimo hiki kinasema mtu amesisimka kiasi gani. Hakisemi kama amefurahi au amekasirika. Anayetaka kujua hilo aongeze swali la dodoso, na hakuna aibu yoyote.

Kusoma matokeo kinyumenyume

Kosa maarufu kuliko yote lilielezwa vizuri na Russell Poldrack mwaka 2006. Mtafiti anaona amigdala, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo, imewaka mtu anapotazama duka la mtandaoni, anakumbuka kwamba amigdala huwaka kwa hofu, anaandika kwamba wateja waliogopa. Lakini amigdala huwaka pia kwa jambo jipya, kwa sura za watu, kwa tuzo. Hoja hiyo hupata nguvu pale tu eneo linapokuwa la jambo moja mahsusi, na machache yako hivyo. Kinga ni kuliweka hitimisho kwenye muundo wa jaribio: kama unadai ni hofu, tengeneza sharti ambamo hofu ipo na upya haupo, na jingine kinyume chake.

Jirani yake ni wingi wa vipimo. Elektrodi 32 kwa madirisha 10 ya muda ni nafasi 320 za kupata kitu. Kwa kiwango cha asilimia 5, takribani 16 zitatoka "muhimu" kwa bahati tu. Kwenye MRI idadi hufika makumi ya maelfu, ndiyo maana Craig Bennett na wenzake waliweza mwaka 2009 kuonyesha "shughuli ya ubongo" kwenye samaki aina ya samoni aliyekufa, walipoacha kusahihisha. Taja elektrodi na dirisha lako mapema, uyasajili, na kila utakachokigundua nje yake ukiite uchunguzi.

Kamati ya maadili itauliza maswali ambayo watu wa dodoso hawajayazoea: picha ya MRI ikionyesha uvimbe, nani atamwambia mshiriki na kwa utaratibu gani? Aliyedanganywa kwamba kompyuta yake imedukuliwa ataelezwa ukweli lini? Majibu yawe kwenye fomu ya ridhaa.

Halafu fanya majaribio ya awali na watu watatu hadi watano, na usiishie kwenye kurekodi. Peleka data zao hadi grafu ya mwisho. Mwanzoni mwa kila rekodi mwambie mshiriki afumbe macho dakika moja, afumbue dakika moja. Hans Berger aliliona hili kwenye rekodi zake za miaka ya 1920: macho yakifumbwa, mawimbi ya hezi 8 hadi 12 huongezeka kisogoni. Wachache hawana mawimbi hayo, lakini yasipoonekana kwa mtu yeyote kati ya watano, kofia au amplifaya ina kasoro. Kisha chukua wastani wa vipande vyote bila kujali masharti na uangalie elektrodi za kisogoni: picha yoyote inayotokea ghafla huleta kilele cha kwanza karibu milisekunde 100. Kikitokea kwenye 160, ucheleweshaji wa skrini haujatolewa. Kisipotokea kabisa wakati mawimbi ya macho yaliyofumbwa yapo, rudi kwenye fotodayodi, usimwite mshiriki wa sita.